Mwizi Anatoka Bondeni

Kasuku hakuijua hata lugha moja ya filamu alizokuwa akizitafsiri. Watu wengi hawakulijua hilo, na waliolijua hawakujali. Alichokijua yeye ni nyuso. Mtu akifungua droo huku macho yako mlangoni, huyo anaiba. Mwanamke akivua pete na kuiweka mezani taratibu, hapo hakuna ndoa tena. Mengine yote aliyajaza kwa mdomo wake, bila kuandika hata neno, tangu filamu inapoanza mpaka majina yanapopanda mwishoni. Watu wa mtaa ule waliapa kwamba filamu zilinoga zaidi zikitoka kwake kuliko zilipotoka kwa wenyewe.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo nyuma ya banda la video la shemeji yake, kaka wa mkewe. Ukutani walipigilia magodoro makuukuu ili kelele za barabarani zisiingie. Kipaza sauti kilivalishwa soksi ya mtoto. Kulikuwa na televisheni, viti viwili, feni isiyoruhusiwa kuwashwa wakati wa kurekodi, na Fundi Waya.

Fundi Waya ndiye aliyekaa kwenye mashine ya kuchanganya sauti. Kazi yake ilikuwa kuishusha sauti ya filamu Kasuku anapotaka kusema, na kuipandisha risasi zinapolia au gari linapogonga ukuta. Hawakuwa na nafasi ya kuambiana. Kasuku akivuta pumzi tu, kidole cha Fundi kilikuwa kimeshashuka. Walikuwa wamekaa pamoja stoo ile miaka mingi kiasi kwamba Kasuku akikohoa, Fundi alijua kama kikohozi kile ni chake au ni cha mtu wa kwenye filamu.

Sasa, mtu mmoja anapowasemea watu chungu nzima, mtazamaji atajuaje nani ni nani? Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wa kazi, na hapo hapo ndipo ulipokuwa uovu wake. Kasuku aliwavalisha. Ndivyo walivyoita wenyewe. Kabla ya kurekodi waliitazama filamu bila sauti, na kila alipotokea mtu mpya Kasuku aliuliza, "Huyu tumvalishe nini?" Bahili alivalishwa lafudhi ya watu wa kaskazini. Mjinga alitoka mashariki, hata kama kwenye filamu alikuwa na shahada tatu. Shujaa, bila hata kujadili, aliongea kama Kasuku mwenyewe na kama majirani zake wengi. Na mwizi alitoka bondeni.

Watu wa bondeni walikuwa na namna yao ya kuongea. Walivuta mwisho wa neno na kuupandisha, ukadhani kila wanachosema wanakuuliza, hata mtu anapokutajia jina lake. Fundi Waya alikuwa wa bondeni. Kasuku aliichukua lafudhi hiyo kwake, akaitia chumvi, akampa kila mwenye kisu na kila mruka ukuta. Mwizi huyo alikuwa na neno lake la kusema akikamatwa: "Sikuiba jamani, nimeokotaaa!" Neno likatoka bandani likaingia mitaani. Mume akikutwa na simu asiyoweza kuieleza, nimeokotaaa. Mwanafunzi akishikwa na jibu la mwenzake, nimeokotaaa. Kuna mtu alilichapisha kwenye fulana. Na mtu yeyote wa bondeni akifungua mdomo dukani, lazima atokee wa kumwitikia hivyo kutoka nyuma, halafu watu wote wacheke, na yeye acheke nao, kwa sababu asipocheka ataambiwa hajui utani.

Fundi Waya alijua utani. Tena yeye alikuwa mbele. Kasuku akiuliza "Huyu tumvalishe nini?" na kwenye kioo akaonekana mtu ananyata na gunia, Fundi alijibu kabla hajaulizwa mara ya pili: "Huyo mpeleke kwetu." Wakacheka, wakaanza kazi.

Baadaye, Kasuku alipojiuliza kama kweli hakuona ubaya, hilo ndilo lililomjia kwanza na ndilo alilojifichia kwa muda: si mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema?

Kisha mama yake Fundi akaja mjini kutibiwa macho.

Bi mkubwa alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa haoni vizuri tangu zamani. Jicho moja lilifungwa bandeji, la pili liliona mwanga na vivuli. Kasuku alikwenda kumsalimia chumbani kwa Fundi na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule mwenye maneno? Mwanangu ananiambia bila wewe yeye kazi yake ni kuzima na kuwasha tu."

"Mwongo huyo, mama. Bila yeye mimi ni mlevi anayeongea peke yake."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Waliongea kutwa nzima. Kasuku alimpenda, na hilo ni kweli, hakuwa akijifanya. Bi mkubwa alimsimulia mavuno ya bondeni, mafuriko, mume wake aliyeogopa kuku na jinsi alivyokufa. Alipoinuka kwenda kuchukua maji, goti lake likagonga kiti. Akakishika kile kiti begani kama mtu na kukiambia, "Samahani kiti, sikukuona."

"Mama unakiomba radhi kiti?" Kasuku akauliza.

"Mwanangu, mtu asiyeona akianza kuchagua nani wa kumwomba radhi, atawakosea wengi."

Kasuku akarudi nyumbani anacheka njia nzima.

Wiki ile walikuwa na filamu ya majambazi. Kulikuwa na mwizi mmoja anayeingia nyumba ya tajiri gizani, akajikwaa kwenye kiti. Haikuwa na maneno sehemu ile, mtu anajikwaa tu. Lakini Kasuku alikuwa hapendi kimya. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya bondeni, "Samahani kitiii, sikukuonaaa!"

Kidole cha Fundi kilichelewa kushuka. Maneno ya Kasuku yakagongana na muziki.

"Vipi wewe, umelala?" Kasuku akamwambia. "Turudie."

Wakarudia. Safari ya pili kidole kilishuka kwa wakati.

Ilipokwisha kurekodiwa, Kasuku mwenyewe ndiye aliyepita kwa Fundi kumwalika bi mkubwa bandani Jumamosi alasiri. "Mama, uje usikie kazi ya mwanao!" Bi mkubwa akapiga makofi. Fundi alisema banda lina joto, mama, na kelele. Bi mkubwa akamwambia kama ni joto amezaliwa nalo, kama ni kelele amemzaa yeye. Fundi atasema nini tena, mbele ya mama yake?

Jumamosi banda lilijaa. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama ukutani, shemeji amesimama mlangoni kama mkuu wa mkoa. Filamu ilikuwa imeshaanza Fundi alipoingia amemshika mama yake mkono. Walipita katikati, na mguu wa bi mkubwa ukagonga benchi.

"Samahani benchi," akasema kwa sauti yake ya kawaida, na akavuta mwisho wa neno kama wanavyovuta kwao, "sikukuona."

Kisha banda zima likalipuka. Waliokuwa wameshaiona filamu asubuhi walipigana mabega. "Kasuku kamleta mwenyewe!" mtu akapiga kelele. Mwingine akasema, "Nimeokotaaa, bibi!" Bi mkubwa akageuza uso huku na huku, anatabasamu, akadhani labda anasalimiwa.

Kasuku alikuwa amesimama karibu na spika. Tuseme jambo lilivyokuwa, maana kulificha ni kuendelea na kosa: alifurahi. Kabla hajaona uso wa Fundi, kabla hajafikiria chochote, moyo wake uliruka kwa fahari ya fundi aliyepata kipimo sawasawa. Sauti ya kwenye spika na ya yule mama zilifanana kama mapacha. Nimempatia, akajisemea. Nimempatia kabisa.

Bi mkubwa akakaa. Kwa kuwa haoni, filamu kwake ilikuwa sauti tu. Akasikiliza, na ghafla akamshika mwanawe mkono. "Fundi! Huyu wa kwetu!"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe na sisi tumo!" Alisema kwa furaha kubwa, na waliokaa jirani wakacheka tena. Baadaye akauliza, "Mbona wanampiga?"

"Ameiba, mama."

"Aa." Sauti nyingine ikaingia. "Na huyu pia wa kwetu. Naye amefanya nini?"

"Naye ameiba."

"Na yule aliyeua mlinzi?"

Kisha zikatoka kwenye spika zile sauti za mtu kujikwaa, na maneno ya kuomba radhi kiti. Bi mkubwa aliweka mikono mapajani. Hakuwa mjinga. Aliyajua maneno yake kama mtu anavyolijua shati lake mgongoni mwa mwingine.

"Nipeleke nyumbani, mwanangu," akasema.

Jumatatu Fundi hakuja kazini. Jumanne pia. Kasuku alimweleza mkewe akitarajia atamwambia yatapita. Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, na alikuwa na tabia ya kuendelea kushona wakati akisikia upuuzi. Siku hiyo alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ulikwenda kwa yule mama na machungwa."

"Nilikwenda kumsalimia."

"Ukala naye. Ukamsikiliza. Halafu ukayachukua maneno yake ukampa jambazi."

"Mke wangu, ni mchezo. Sikukusudia kumuibia mtu."

"Enhe. Uliokota."

Cherehani ikaendelea.

Alikwenda kwa Fundi jioni, jua halijazama. Fundi alikuwa nje ya mlango anafua mashuka ya mama yake kwenye beseni. Hakuinuka.

"Fundi."

"Kaka."

"Kama ni kile kipande cha kiti, nakifuta. Leo leo."

"Futa."

"Sasa umenuna nini? Miaka yote hii wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unasema, 'mpeleke kwetu'. Mimi nilikulazimisha?"

Fundi akakamua shuka, akalitundika, akalinyoosha ncha zote kabla ya kujibu. "Nilikuwa nawahi," akasema. "Nikishasema mimi, likitoka kwako haliumi sana. Ungeuliza, na mimi ningekaa kimya, ungejibu nini? Ungempeleka wapi?"

Kasuku akatazama maji ya beseni.

"Sema. Yule mwenye gunia. Ungempeleka wapi?"

"Bondeni," Kasuku akakiri.

"Basi."

"Ungeniambia basi, ndugu yangu. Neno moja tu."

"Ningekuambia, ungesema sijui utani. Ungemwambia shemeji, shemeji angewaambia watu, na mimi ningekuwa mtu wa bondeni asiyejua utani. Hiyo ni mbaya kuliko mwizi."

Kasuku alichuchumaa karibu na beseni. Na hapo, kwa vile alikuwa mtu wa kupandwa na hamasa haraka, akaja na wazo, na wazo lenyewe likamjaza machozi: atatafsiri filamu ambayo shujaa wake anatoka bondeni. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtu mwema, msomi, mwenye huruma. Watu wazoee. "Njooni Jumapili, wewe na mama. Nikishindwa, usinisalimie tena."

"Mama yangu amesikia ya kutosha."

Lakini kutoka ndani, bi mkubwa akaita, "Nitakwenda. Nataka nimsikie mtu wa kwetu anayefanya jambo la maana."

Kasuku alichagua filamu ya daktari wa kijijini. Mtu mpole, anatembea kwa miguu kwenda kwa wagonjwa, mkewe anaugua naye anashindwa kumponya. Alirekodi shemeji akiwa kwenye mashine. Shemeji hakuwa na kidole. Alikuwa na ngumi. Alishusha sauti pasipotakiwa, akapandisha muziki katikati ya sentensi. Walirudia na kurudia.

"Kwa nini daktari wa bondeni?" shemeji alilalamika. "Watu watachanganyikiwa."

"Watazoea."

"Shemeji, watu hawaji hapa kuzoea. Wanakuja kupumzika."

Kasuku hakusikia. Kwenye kipande cha kifo, alipoiweka lafudhi ile kooni bila chumvi, taratibu, kama alivyomsikia bi mkubwa akisimulia kifo cha mume wake, alilia kweli kweli. Alitoka stoo amelowa jasho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliamini kwamba kazi yake ina heshima.

Jumapili alasiri Fundi na mama yake walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kasuku aliwaona, akainua mkono. Fundi aliitikia kwa kichwa.

Filamu ikaanza. Daktari akatokea, mkoba mkononi, akabisha mlango wa mgonjwa. "Hodi hapa. Mimi ni daktari, nimekuja kumuona mtotooo."

Banda likacheka. Si kicheko kidogo. Walicheka kama watu waliokuwa wakimsubiri.

"Huyo daktari ataondoka na godoro!" mmoja akasema.

"Ficheni dawa!"

Kasuku akatabasamu kwa shida. Ndiyo mwanzo, alijiambia, watazoea. Lakini kila daktari alipofungua mdomo, vicheko vilipanda. Akimshika mgonjwa mkono, walimwonya mgonjwa aangalie pete yake. Akisema ukweli, walisema anadanganya. Na filamu ilipofika kipande cha kitandani, mke anakata roho, daktari ameinama, anamwomba kwa sauti ile ile ya bondeni asimwache, watu walishika matumbo. Fundi wa baiskeli aliyekaa mbele alianguka kutoka kwenye benchi. "Mwacheni jamani," akasema huku anafuta machozi, "hakumuoa, alimuokotaaa!"

Kasuku alirukia swichi. Kioo kikawa cheusi.

"Mnacheka nini?" Alisimama mbele yao. "Mtu kafiwa! Mkewe amekufa, mnacheka nini?"

Kisha fundi wa baiskeli akajiinua kutoka sakafuni, bila ubaya wowote usoni.

"Tunacheka ulivyotufundisha, Kasuku. Sauti hiyo hujawahi kutupa ila tucheke. Leo unataka tulie, ungetupa taarifa."

"Kweli!" mama mmoja muuza mitumba akadakia. "Mimi nilikuwa namsubiri aibe. Nikaona anachelewa."

"Lakini nani kawaambia watu wa bondeni ni wezi?" Kasuku akauliza.

"Wewe," wakasema, karibu wote.

Hapo kinyozi akasimama. Alikuwa mtu mkimya, duka lake liko mkabala na banda, na hakukuwa na mwanamume pale ndani ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti chake. "Mimi ni wa bondeni," akasema.

"Acha masihara," fundi wa baiskeli akamwambia. "Mbona huongei kama wao?"

"Niliacha nilipofika hapa. Nilikaa mbele ya kioo cha dukani nikajizoeza, mpaka nikaacha." Akawatazama mmoja mmoja. "Kila mmoja wenu nimemshikia wembe shingoni. Mlifumba macho, wengine mlikoroma. Kuna aliyepoteza kitu?"

"Mimi nilipoteza nywele," mtu akasema, na wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha watu walioona aibu na wanatafuta pa kuiweka. Wakaanza kuzungumza. Mama wa mitumba alisema watu wake wa kaskazini nao wamechoka kufanywa mabahili, kwamba yeye mteja akiomba apunguziwe na akakataa, huambiwa si yeye, ni damu. Mwingine wa mashariki akasema mwanawe hataki kunyoosha kidole darasani. Kumbe lile banda lilikuwa limejaa watu waliokuwa wakicheka kwa zamu: leo wewe unanicheka, kesho mimi nakucheka, na kila mmoja anameza chake. Ni nani aliyetuambia kwamba huo ndio upendo? Walibishana, wakapaziana sauti, wakaombana radhi kwa utani na kwa kweli. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko filamu yoyote iliyowahi kuonyeshwa pale. Kasuku akanyanyua macho kumtafuta Fundi ili naye aone.

Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Waliondoka wakati wa kipande cha kitandani, shemeji alimwambia, wakati watu wanacheka. Yule mama aliomba njia kwa upole.

Tangu siku ile Kasuku aliacha kuvalisha. Mwizi, daktari, bahili, shujaa, wote aliwapa sauti moja, yake. Watu waliokuwa wamezungumza vizuri sana ile Jumapili ndio hao hao waliokuja kulalamika. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka na kazi zao na walitaka kujua mapema nani wa kumchukia.

"Kasuku, sasa mwizi tutamjuaje?"

"Mtazame anachofanya."

"Aa, hiyo si kazi tena?"

Banda likapungua watu. Shemeji alivumilia, kwa heshima ya dada yake, halafu akaleta mtafsiri mwingine kutoka mtaa wa pili. Mtu huyo alikuwa amekua akimsikiliza Kasuku. Alizijua sauti zake zote, na ile ya bondeni aliijua kuliko zote. Kasuku alikuwa akipita barabarani siku moja aliposikia kwenye spika sauti iliyotoka kooni mwake mwenyewe, mtu mwingine akiisema: "Sikuiba jamani, nimeokotaaa!" Na watu wakacheka ndani. Alisimama pale nje kwa muda. Angeingia amwambie nini yule mtu? Kwamba ile ni yake?

Alipata kibarua cha kutangaza bidhaa kwa kipaza sauti mbele ya duka la vyombo. Sufuria hazina kabila, alimwambia mkewe, na mkewe akacheka kidogo, akammiminia chai, kwa sababu alimwonea huruma.

Ilipita miezi kabla ya kupata ujasiri wa kumtafuta Fundi. Alimkuta upande mwingine wa mji, kwenye kibanda cha kutengeneza simu, amevaa miwani ya kukuza, bisibisi ndogo mkononi. Mbele yake kulikuwa na wateja. Kasuku alisubiri zamu yake kama mteja.

"Karibu, kaka," Fundi akasema. "Nikusaidie nini?"

Kasuku alidhani hajamtambua. "Ni mimi."

"Nimekuona. Karibu sana. Hujambo?"

Kulikuwa na kitu kisichokaa sawa, na Kasuku, mtu aliyekula kwa masikio yake maisha yote, alichukua muda kukipata. Fundi alikuwa ameongea kama mtangazaji wa habari. Maneno yalikatika pale yanapoishia. Hakuna lililovutwa, hakuna lililopanda.

"Mama hajambo?" Kasuku akauliza.

"Hajambo. Jicho lilipona, amerudi nyumbani. Anaona vizuri sasa."

"Alisema nini? Siku ile?"

Fundi akafungua kifuniko cha simu, akapuliza vumbi. "Hakusema kitu. Mpaka anaondoka hakusema kitu kwa mtu. Kliniki walikuwa wakimuuliza maswali anaitikia kwa kichwa. Daktari akaniuliza kama mama yangu ni bubu."

Kasuku alishika ukingo wa meza. Alikuja na maneno aliyoyapanga: kwamba ameacha, kwamba watu walizungumza siku ile, kinyozi alisimama, ungesikia. Yote yakamwishia mdomoni, maana aliona yalikuwa habari za yeye Kasuku.

"Nisamehe, Fundi."

"Nilishakusamehe, kaka. Hamna tatizo lolote."

Alisema kwa adabu nzuri sana, kama anavyoambiwa mteja. Kasuku angependa kutukanwa.

"Basi ongea na mimi kama zamani," akasema, na yeye mwenyewe akasikia anavyoomba.

"Zamani vipi?"

"Kama mnavyoongea kwenu. Mimi na wewe tu."

Fundi alivua miwani, akamtazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyetumwa kitu ndani ya nyumba, akaingia, akatazama kila mahali, akatoka mikono mitupu.

"Ongea wewe," akamwambia. "Wewe ndiye unayeijua."

Kasuku akafungua mdomo. Sauti ya bondeni ilikuwapo, iko pale pale kooni, nzima, na kila kicheko kilichomo ndani yake. Akaufunga tena mdomo.

Mteja aliyekuwa nyuma akamwomba asogee kidogo, simu yake ilikuwa imeingia maji.